Mkono wa Keziah

Ukumbi wa chuo cha Pellam, huko Kansas, una pande mbili. Viti vyenye mito ni vya wahitimu, watu wa skafu za buluu waliotoka mbali. Mabenchi ni ya wenyeji, ambao darasa la chuo wameliona kupitia dirisha tu, lakini timu ya wasichana ya mpira wa kikapu wanaijua kuliko wakwe zao.

Marvella Stucky, mwenye saluni pale mjini, ni wa mabenchi. Kila Jumapili Keziah, mchezaji kutoka Alaska, alikuwa akila kuku na tambi kwake, kisha akilala kwenye kochi mdomo wazi. Leo Keziah anacheza mechi yake ya mwisho. Kwa desturi, anayemaliza chuo huingia uwanjani ameshikwa mkono na mzazi. Mzazi asipofika, hushikwa na mhitimu aliyewahi kuichezea timu. Theluji ilikuwa imezuia ndege, wazazi wakakwama. Zamu ikamwangukia Lenore Unruh, mchezaji wa zamani aliyeketi upande wa skafu za buluu.

Marvella alimwona akishuka ngazi. Mkono wa Keziah alitaka aushike yeye.

"Yule hata chumvi hajawahi kumpa huyo mtoto," alinung'unika Delbert wa duka la matairi, jirani yake wa benchi. "Wanatua mara moja kwa mwaka, wanashangilia wachezaji wa enzi zao, waliokwisha kuwa mabibi."

"Nyamaza, Delbert. Ndiyo desturi."

Lakini Lenore hakwenda uwanjani. Alikatisha, akapanda mabenchi hadi kwa Marvella.

"Nimemuuliza binti anamtaka nani. Kakutaja wewe kabla sijamaliza swali."

"Mimi sikusoma hapa, bibie."

"Mimi nilisoma. Na kila Jumapili nilikuwa nikila kwa mama mmoja wa kule relini. Siku yangu ya mwisho nilitembea na baba, mama yule akabaki huku juu akipiga makofi. Mpaka leo inaniuma. Nenda, shoga. Nipe hizo bisi nikushikie."

Marvella alishuka hadi uwanjani. Keziah alimshika mkono akaukaza.

"Usinivunje vidole," Marvella alisema. "Kesho nina vichwa vya watu."

Walipofika katikati, sauti ngeni, iliyokwaruza, ililiita jina la Marvella kutoka mabenchini. Akageuka. Lenore alikuwa amesimama juu ya benchi, skafu imemwanguka, na Delbert kamshika koti asiporomoke.