Gari Lililonyamaza kwa Burhani

Haya aliniambia Vestina mwenyewe, msimu wa kahawa uliopita, tukianika kahawa nyuma ya nyumba yao kule Kimwani, mbele ya Muleba.

Mama mkwe wake, Alistidia, alikuwa amelazwa Bukoba, na madaktari walishasema hawana tena la kufanya. Bibi alikuwa na ombi moja tu: akakatie roho kibanjani kwake, penye migomba aliyoipanda kwa mkono wake. "Msiniache nife mjini," alimwambia mwanawe Ildefons, mume wa Vestina. Mwana akaapa.

Gari la kumrudisha lilikuwepo, Korola kuukuu la marehemu baba yake. Lakini lilikuwa na kelele. Wakipanda vilima vya Muhutwe linagonga, ko ko ko, mpaka Vestina anauma meno. Wakifika Bukoba, gereji kwa Burhani, kimya. Burhani analiwasha, anakanyaga mafuta, anainamisha sikio. Linanguruma kama halijawahi kuugua.

"Kaka Ildefons, gari lako linaniogopa," Burhani alikuwa akicheka. "Au shemeji ndiye anayegonga?"

Wakaenda wakarudi hivyo hivyo, na bibi akazidi kunyong'onyea kitandani.

Siku waliyokuja kumchukua, Burhani hakucheka. "Mkitoka Kimwani mnakuja moja kwa moja?"

"Tunapita Nyanga kwa shangazi Celina," alisema Vestina. "Tutampitaje mlangoni bila kumsalimu?"

"Mnamsalimu tu?"

"Shangazi yule ana kusalimiwa tu? Unakaa, unatafuna kahawa, unangoja ndizi ziive. Ukinyanyuka kabla ya kula atakusema mpaka uzeeke."

Burhani akajipiga paji la uso. "Basi ndipo linapopoa! Oili ikipoa inakuwa nzito, inaficha ugonjwa. Nendeni nalo mpaka kilimani, mrudi bila kulizima."

Walirudi linagonga. Burhani akaegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza kwa muda. Alipoinuka hakumtazama Ildefons.

"Beringi za konrodi, zile za ndani kabisa ya injini, zimekwisha. Ningelisikia mapema ningezibadilisha. Sasa injini yenyewe imeshaliwa. Lisiende Muleba, kaka. Tafuta gari jingine."

Alitafuta. Madereva wa kukodi walifika mpaka wodini, wakaona bibi anavyohema, wakakataa mmoja mmoja; nani anataka mtu amfie kwenye gari la biashara? Na bibi alikuwa ameshafungiwa kitenge chake, anauliza wanangoja nini. Ildefons akamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani pa Vestina, wakaondoka polepole. Nyanga walipita bila kusimama.

Kwenye mlima, kabla ya kufika Muleba, injini ilipiga kishindo kimoja, gari likafa. Oili nyeusi ikachuruzika barabarani.

"Tumefika?" bibi aliuliza, macho ameyafumba.

Kando ya barabara kulikuwa na kibanja cha watu. Vestina akamwonyesha mumewe kwa kidevu, naye akachana kipande cha jani la mgomba, akaleta. Vestina akamshikisha bibi.

"Tumefika, mama. Hii migomba yako."

Bibi akalipapasa lile jani, akalinusa.

"Hii ni kisubi, ya pombe," alisema. "Kibanjani kwangu mimi sina kisubi."

Alikata roho pale pale, jani mkononi.

Alifika Kimwani kwa lori la ndizi. Siku ya maziko shangazi Celina alikuja analia, na katikati ya kilio akamgeukia Ildefons: "Wifi yangu mlimpitisha mlangoni kwangu, hamkusimama hata nimshike mkono!"

Alasiri, watu walipotawanyika, Ildefons na mkewe walijilaza kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni kwa ajili ya msiba. Jirani alikuwa akipasua kuni. Ko, ko, ko. Ildefons akaketi ghafla.

"Unasikia?"

"Ni kuni, baba Avit. Lala."

Akalala, amejikunyata. Vestina akabaki anasikiliza shoka mpaka liliponyamaza, ndipo na yeye usingizi ukamchukua.