Vikanyagio Viwili

Harufu ya ndizi zilizoiva shimoni ilinifikia kabla yake. Kisha mzee Cleophace akatokea kwenye ukungu wa Nyabiyonza, juu ya magongo mawili, suruali imeshonwa chini ya goti la kushoto. Hata leo nikinusa ndizi hizo namwona anakuja, anakuja tu, hafiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hagenimana, nijengee mashine ya kukamulia ndizi. Vero anaolewa."

Katika ukoo wao, rubisi, pombe ya ndizi, ya kumuaga binti huikanyaga baba mwenyewe. Kabla sukari haijamla mguu, Cleophace alikuwa akiingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, akikanyaga ndizi na nyasi kama mtu anayetembea usingizini bila kwenda popote. Watu walisimama kumtazama, vikombe mkononi, wakasahau kunywa.

Akachora kwa gongo kwenye vumbi la karakana yangu: kiti, mpini, pipa. Chini ya kiti akachora vikanyagio viwili.

"Mzee, mguu unao mmoja," nikamwambia. Mimi sizungushi maneno.

"Kumbe darasa la nne ulijifunza kuhesabu! Weka viwili."

Nikajenga kwa akili yangu. Nilichomelea parafujo nene ya kubana, chuma kitupu. Siku ya kujaribu nilijaza ndizi, nikazungusha mpaka mishipa ikanisimama. Ukatoka uji mzito, wa kijivu. Maji hayakutoka hata tone.

"Nyasi ziko wapi?" mzee akauliza.

"Chuma hiki kina nguvu za watu wanne. Nyasi za nini?"

Akachovya kidole, akaramba. "Umenijengea mashine ya uji wa mtoto. Vero anaolewa, hajazaa bado."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ikishindikana, mdogo wangu Novatus ataikanyaga," akasema. "Mimi nitaketi na wageni. Binti yangu ataagwa kwa miguu ya mtu mwingine."

Akaniambia nifumbe macho. Akagonga meza yangu kwa gongo, polepole, kama mvua isiyo na haraka. Ndizi hazibanwi, akasema, zinasuguliwa na nyasi mpaka zenyewe zikubali. Mkono wangu ukaanza kuzunguka peke yake. Nilipofumbua macho, nilichukua grenda nikaikata ile parafujo.

Safari hii niliweka pipa la mbao, na ndani yake makasia ya mbao ya kusukuma na kuviringisha. Juu nikaacha mdomo mpana wa kupitishia nyasi. Vikanyagio nikavipaka rangi ya kijani, vyote viwili.

Tuliipeleka nyumbani kwake Ihembe kwa guta. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na kile kiti kitupu kilielea juu ya migomba kama kina mtu. Mama mmoja njiani alikipungia mkono.

Nyumbani tulimkuta Novatus ameshakunja suruali hadi magotini, miguu ameosha. Benadeta, mke wa mzee, akamimina ndizi na nyasi. Cleophace akaketi, akashika mpini.

Akazungusha. Hakikutoka kitu. Akazungusha tena, nyasi zikalia humo ndani, jasho likamtiririka hadi kidevuni. Vero alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilitamani kuondoka.

Kwanza likaja povu. Halafu maji yakashuka, membamba, yanang'aa, yakaingia kwenye ndoo kwa sauti ndogo.

Novatus akainama, akakunjua suruali yake.

Hapo ndipo nikatazama chini. Mguu wa kulia wa Cleophace ulikuwa unapanda na kushuka juu ya kikanyagio. Na kila uliposhuka, goti la kushoto lilipanda, kisha likashuka juu ya kile kingine, bila kukigusa. Macho alikuwa ameyafumba.

Siku hizi napata maagizo kutoka Rugu hadi Kyerwa. Wateja huniuliza vile vikanyagio ni vya nini, maana kazi yote ni ya mikono.

Nawaambia ndivyo mashine hii inavyojengwa.