Sauti Iliyokatikia Njiani

Loisi aliingia mjini Dodoma kutoka Buigiri akiwa na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Mumewe, Yoramu, alikuwa India na binti yao Anitha, aliyepelekwa na wafadhili wa kanisa kupasuliwa moyo. Asubuhi ile Yoramu alikuwa ametuma ujumbe: mtoto anagoma kuingia chumba cha upasuaji mpaka asikie sauti ya mama yake.

Kwenye duka la intaneti la Iddy, pale Majengo, palikuwa na simu ya mezani ya kawaida kabisa, ila waya wake uliingia kwenye kiboksi cha intaneti. Kwa simu hiyo hata mkulima wa zabibu kama yeye aliweza kupiga ng'ambo kwa bei nafuu.

"Sema taratibu, mama," Iddy alimwambia. "Sauti inachelewa kufika."

"Anitha! Mwanangu!"

Kimya. Kisha sauti yake mwenyewe ikamrudia sikioni, na nyuma yake kilio.

"Mama, njoo unichukue!"

"Nipo, mwanangu. Nenda na baba, mimi naku..."

Feni ikasimama. Simu ikawa kama jiwe.

"Mgao wa umeme," Iddy alisema, kajishika kichwa.

"Simu na umeme wapi na wapi? Ile simu ya misheni kule kwetu inalia hata umeme ukikatika!"

"Hii inakula umeme, mama. Kiboksi kikizima, nayo imezima."

Iddy akakimbia kuazima jenereta kwa kinyozi jirani. Likavutwa kamba, likakohoa, likagoma. Loisi akakaa kizingitini, kauma kitenge. Mwanawe atadhani kamkatia simu. Ataingia kule akijua mama hakumtaka.

Umeme uliporudi jua lilikuwa limeshapinda. Iddy akawaomba wateja waache kompyuta ili sauti ipite vizuri, akapiga.

"Baba Anitha, mtoto yuko wapi?"

"Uliponyamaza nilimwambia bado unamsikiliza. Nilimshikia simu sikioni mpaka mlangoni." Hapo Yoramu akashindwa, akalia kwa kwikwi.

Loisi akaubana mkonga wa simu sikioni. "Sema! Mwanangu mzima?"

Swali likamrudia mwenyewe: mwanangu mzima?

"Wamemtoa. Amefungua macho," Yoramu alisema. "Madaktari wanasema tusubiri kuche."

Loisi aliteleza mpaka sakafuni, mkonga wa simu kifuani, akalia kwa sauti mbele ya watu.