Mlango wa Kusini

Sunniva Hovland alikuwa amesanifu nyumba nyingi za mlimani, lakini hakuwahi kupata wateja kama Eilert na Ragna. Walikuwa wameshaachana. Waligawana kila kitu mpaka vijiko, ila kiwanja chao cha mlimani, kule Kvitlia, kiliwashinda. Hakuna aliyekubali kukiuza wala kumwachia mwenzake. Watoto wao, watu wazima sasa, walitangaza kwamba Pasaka watapanda mlima kuwaona wote wawili pamoja au hawatapanda kabisa. Basi wakaenda kwa Sunniva na ombi moja: kibanda cha zamani kilichokuwa pale kibomolewe, ijengwe nyumba ya kisasa yenye paa moja na milango miwili.

"Wangu utazame magharibi," Eilert alisema. "Nataka nikifungua tu, jua la jioni hili hapa."

"Na wangu mashariki," Ragna akadakia. "Mimi mtu wa alfajiri. Huyu akiamka, wenzake washakula mchana."

"Katikati weka ukuta mnene, Sunniva."

"Mnene sana. Akipiga chafya nisiisikie."

Sunniva akachora. Sehemu mbili zilizopeana migongo, kila moja na ukuta wa vioo kuanzia sakafuni hadi darini. Mchoro ulitoka mzuri hata akaubandika juu ya meza yake, akawa anautupia jicho kila apitapo. Lakini kiwanja alikuwa amekiona wakati wa kiangazi tu, na moyo ulikuwa haujatulia. Februari ilipofika, akasema lazima akakione chini ya theluji. Eilert aliposikia, akasema naye anakwenda. Ragna aliposikia kwamba Eilert anakwenda, akatoa stoo ski zake, zile mbao za kutelezea thelujini.

Walipanda, Sunniva akiwa katikati kama mpaka wa nchi mbili. Upepo wa magharibi ulikuwa umevuma wiki nzima, na siku ile ndio kwanza ulikuwa umetulia. Walipofika, kibanda cha zamani walikiona nusu tu.

Upande wa mashariki, theluji ilikuwa imejaa hadi kwenye ukingo wa paa. Upepo ulikuwa umeivusha juu ya paa na kuimwaga yote huko nyuma. Ragna alichomeka fimbo yake ya kutelezea, ikazama yote hadi kwenye kishikio.

"Mlango wangu huu hapa," akasema taratibu.

"Utatokea kwenye bomba la moshi," Eilert akamcheka.

"Cheka. Njoo tuuone wako."

Upande wa magharibi, ukuta ulikuwa umepigwa na upepo hadi mbao zimevaa ganda la barafu. Theluji laini kama unga ilikuwa imepenya kila upenyo, na shubaka la dirisha lilikuwa limeziba kabisa. Eilert aligonga barafu kwa ngumi, haikutikisika. Kicheko kikamkauka.

Sunniva alizunguka hadi kusini. Huko upepo ulikuwa umepita sambamba na ukuta, ukifagia theluji. Chini palikuwa wazi hadi majani makavu ya mlimani yalionekana, jua limepakalia mbao, na hapo ndipo ulipokuwa mlango pekee wa kibanda. Aliona haya kidogo. Kumbe ule uzuri wote aliuchora akiwa ofisini, miguu yake ikiwa kwenye soksi kavu.

"Mchoro wangu haufai," akawaambia. "Nitauanza upya. Mlango hauwezi kukaa kwingine ila hapa."

"Basi weka miwili hapahapa, ubavu kwa ubavu," Ragna alisema.

"Kama vyoo vya stesheni?" Eilert akauliza. "Wanaume huku, wanawake kule?"

Ragna alijaribu kukizuia kicheko, kikamponyoka, akainamia fimbo zake akicheka mpaka machozi. Eilert akamtazama kwa mshangao. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuweza kumchekesha.

Wakakaa chini wameegemea ukuta wenye joto, wakamenya machungwa na kumimina kahawa.

"Nikimkuta mlangoni kila asubuhi," Ragna akamwambia Sunniva, "talaka yangu ina maana gani?"

"Asubuhi si nimelala?" Eilert akajibu. "Umesema mwenyewe."

Sunniva alitoa penseli, akachora ukumbi mrefu wa kuingilia, usio na moto, wa kuwekea ski na mabuti, mpana kiasi cha watu wawili kupishana bila kugusana mabega. Kutoka hapo, vyumba vya Ragna huku na vya Eilert kule. Pale ulipokuwa ukuta mnene akaweka jiko la kuni. Dirisha la Ragna akalipandisha juu, lipokee alfajiri bila kufukiwa. La Eilert akalifanya dogo, la vioo vitatu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, ndani kabisa ya ukuta. Paa akalilaza, theluji ikae juu yake kama blanketi.

"Hilo jiko ni la nani?" Eilert aliuliza.

"La mwenye baridi," Sunniva akasema.

Ragna aliutazama mchoro, akautazama tena. "Ukumbi uongeze kidogo," akasema. "Ana miguu mikubwa."

Pasaka ya mwaka uliofuata Sunniva alipita pale akielekea kwingine. Mbao mpya zilikuwa zimeanza kupauka, zikifanana na mawe ya mlima. Watoto walikuwa nje wamejianika juani. Ndani, Eilert alikuwa akichoma mikate myembamba ya kubanwa kati ya vyuma viwili vya moto, na Ragna, amesimama karibu naye, akimlaumu kwa kuzidisha sukari.

Sunniva akamvuta Ragna pembeni. "Mmerudiana?"

"Mungu apishe mbali!" Ragna akasema. "Tumeachana, tena vizuri. Kaa ule."

Akakaa. Sukari ilikuwa imezidi kweli, lakini hakusema.