Mkutano wa Msibani

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Mke wangu Tulia aliteremka bondeni nyuma ya migomba kukata majani ya ng'ombe, hakupanda tena. Nilimkuta amelala kifudifudi, mundu mkononi, hana hata mchubuko. Pembeni yake kuku wetu nao wamelala vilevile. Nilipoinama kumwinua, kichwa kikazunguka na pumzi ikanikatika. Nikamvuta kwa miguu mpaka juu, Mungu anisamehe, kama gunia.

Hospitali waliandika presha. Haya, presha. Na kuku je, nao walikuwa na presha?

Huku kwetu upande wa Kisiba kuna gesi inayotoka ardhini yenyewe. Si ya kupikia, haiwaki. Ni ile wanayotia kwenye soda. Ni nzito, hutuama mabondeni kama maji, wala huioni. Wazee walitutajia mabonde mabaya tukiwa wadogo, na letu halikuwemo. Tulia alikuwa akikata majani pale tangu nilipomwoa.

Kilichobadilika ni bomba. Bomba la kampuni linatoka kwenye kisima cha gesi kwenda kiwandani, na maungio yake yalikuwa juu, kando ya barabara, kunakopiga upepo. Barabara ilipoanza kupanuliwa wakatakiwa kuyahamisha. Wiki ile kabla ya msiba wangu walikuja na machepe, wakayashusha maungio bondeni, pamoja na koki ya kutolea gesi inayozidi. Nilimuuliza mwenyekiti wetu wa kijiji, Gwakisa, mbona hatujaulizwa. Akacheka.

"Gwe, Baba Belinda, una haraka ya nini? Hao wanajaribu tu. Kibali bado."

Wanajaribu tu.

Sasa angalia walivyofanya. Tumeshamzika Tulia, watu bado wamekaa kwenye migomba, Gwakisa akaja ndani ya gari la kampuni. Akashuka na kijana wa kampuni anaitwa Prosper, na mama mmoja wa ushungi, Siham, katoka Dodoma kwenye mamlaka inayotoa vibali vya mabomba. Wakashusha mchele na sukari. Siham akanishika mkono, akasema, "Pole sana, baba yangu." Halafu Prosper akasimama. Akatoa pole, akamtaja Mungu, na humohumo ndani ya pole akaingiza habari ya maungio: kwamba yatahama, kana kwamba hayajashushwa tayari, kwamba ni salama, kwamba kijiji kitafaidika. Mwisho akauliza, "Kuna mwenye neno, wazee wangu?"

Nani awe na neno? Kwetu mtu aliyekuja kulia nawe, akaleta na chakula, habishiwi msibani. Ukimbishia umemtukana uliyemzika. Wanaume walitazama chini. Mimi mfiwa nikasema, "Ndaga, tumeshukuru," kwa sababu mfiwa ndivyo anavyosema. Wakala, wakaondoka.

Matanga yalipokwisha nikapanda bodaboda hadi Tukuyu, ofisi ya wilaya, kuweka pingamizi dhidi ya kibali. Wengine walidhani nataka fidia. Nilitaka koki itoke bondeni, basi. Ng'ombe bado wanakula, na anayewakatia majani sasa ni binti yangu Belinda. Nikimkataza ananiambia, "Baba, utawalisha nini, mawe?"

Pale ofisini karani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, umechelewa. Mkutano wa wananchi ulishafanyika, hakuna aliyepinga."

"Mkutano upi?"

"Wa kijijini kwenu. Ulifanyika nyumbani kwa mkazi mmoja. Mahudhurio makubwa sana, wanasema."

"Yalikuwa makubwa," nikamwambia. "Walikuja kuzika."

Akanitazama, halafu akaanza kuhangaika na simu yake.

Nikamfuata Gwakisa palepale anapocheza bao, mbele ya watu.

"Uliwaleta kwangu makusudi."

"Niliwaleta wakupe pole. Ulitaka niwafukuze?"

"Na mkutano?"

"Sasa we mzee, kijiji kizima kiko kwako. Tungewaita mara mbili ili iweje? Wakale tena wali wako?"

Watu wakacheka. Mkwe wake siku hizi ni mlinzi wa bomba, kavaa buti mpya. Mimi sisemi kitu. Naziona tu buti.

Mwezi wa sita kibali kikatoka. Wakaja kukagua, Prosper mbele, Siham nyuma, Gwakisa akiwafungulia njia kwa fimbo. Niliwangojea ukingoni mwa bonde. Prosper akaniwahi.

"Mama, huyu mzee ana uchungu bado. Tumwelewe."

"Mwache aseme," Siham akasema.

Nikasema. Nikamwonyesha alipolala Tulia, na kutoka pale hadi kwenye koki unarusha jiwe bila kunyoosha mkono. Akamgeukia Prosper.

"Mlituambia maungio yatahama. Yalihama lini?"

"Yale yalikuwa majaribio, mama."

"Majaribio yenye gesi ndani?"

Prosper akamtazama Gwakisa. Gwakisa akaikazia macho migomba kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Nitalipeleka Dodoma," Siham akaniambia. "Utajibiwa, baba."

Basi nangoja. Mvua zimekwisha, zimerudi, na koki iko palepale. Asubuhi za baridi unaisikia ikitoa pumzi. Nimezungushia bonde ua wa mianzi kwa mikono yangu, na kampuni imeniletea onyo kwamba nimeziba njia yao. Huyo mama naye simwelewi. Pengine aliuliza kwa kutaka kujua. Pengine aliuliza ili ionekane safari hii nimesikilizwa. Wakubwa wana namna nyingi za kukusikiliza.

Dodoma hawajaandika, Gwakisa akiniona anabadilisha njia, na Belinda jana kaniuliza kama aruke ua, maana majani ya juu yamekwisha. Mimi nina swali moja tu. Kibali kilitoka Juni, mke wangu alikufa Mei. Siku ile gesi ilipita bondeni kwangu kwa ruhusa ya nani?