Tim Ina Baba Yake

...nikasimama, Moreen! Banange, ndani ya korti, mbele ya jaji, nikapiga kelele: "Amekosea!"

Weka chini hizo beseni, soko la Kikuubo halikimbii. Nani amekosea? Mkalimani! Ngoja, nianze vizuri.

Unajua ile kesi ya ardhi yetu kule Acholi. Mwaka wa 1913 Mzungu mmoja alifika, akamuuliza chifu, ng'ambo ya mto kuna nini? Chifu akajibu kwa Kiacholi, "Tim." Mzungu akaandika: pori, halina mwenyewe. Na sheria yao ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya mfalme wao kule Uingereza. Basi, neno moja tu! Mfalme akaenda, serikali ikarithi karatasi, na sisi tulipofungiwa kwa kambi wakati wa vita, kampuni ya miwa ikapewa ardhi yote. Leo loya wa kampuni alitaka jaji aitupe kesi kabisa. Ati huwezi kudai kitu ambacho hakikuwa cha mtu.

Sasa Nyanya Alanyo yuko mbele, amevaa gomesi yake ya kijani. Anaulizwa, kule kulikuwa nini? Anasema, "Tim." Na mkalimani, mtoto wa town kama mimi, anageuza: "Pori tupu." Loya akatabasamu, wewe! Ndiyo nikaruka.

Jaji akashusha miwani. "Wewe ni nani?"

"Mjukuu wake, madamu. Nasoma sheria, mwaka wa tatu."

"Mwaka wa tatu wanafundisha kupiga kelele? Kaa chini kabla sijakulaza selo."

Nikakaa. Usicheke! Lakini jaji akamgeukia Nyanya mwenyewe. "Mama, nieleze. Tim ni nini?"

Nyanya akasema polepole, mkalimani anamfuata na jasho: "Tim ni mahali pa kuwinda. Ina baba yake. Huingii na mkuki bila kumuomba. Ukiua nyati, mguu wa nyuma unampelekea yeye. Usipopeleka, utaitwa mwizi."

"Na baba wa tim hiyo ni nani?"

"Alikuwa mume wangu. Sasa ni mtoto wangu Otema, yule pale."

Watu wote wakageuka. Baba yangu, Moreen, na yunifomu ya polisi, ametoka kazini moja kwa moja! Akapiga saluti bila kujua kwa nini.

Loya hakuchoka. "Lakini mama, hakuna mtu aliyelala huko, si ndiyo?"

Nyanya akamwangalia kama mtoto aliyemwaga maziwa. "Mwanangu, wewe unalala jikoni kwako?"

"Hapana."

"Basi mimi nikija nichukue jiko?"

Korti yote ikacheka, mpaka askari wa mlangoni! Jaji akaandika, akaandika, halafu akasema: kesi haitupwi. Alichoandika Mzungu ni alichosikia yeye, si walichosema wenyewe. Nilimkumbatia Baba mpaka kofia ikaanguka.

Bado hatujapata ardhi, najua. Kesho saa tatu asubuhi Nyanya anataja mipaka, kila kijito na kila kilima, na loya atajaribu kumchanganya. Nyanya huyu? Atachoka loya! Sasa naenda kumpikia, hajala tangu asubuhi. Kesho jioni niwekee kiti hapa mlangoni, nikuambie aliyoyasema yote.