Wodi ya Wagika na Wagalu

Wapo watu mjini Shinyanga waliotuita "ofisi ya udongo", tena kwa kutucheka. Walituona mimi na Nazir, wasanifu majengo wawili wenye vyeti vyetu ukutani, tumepanga chumba juu ya duka la vitenge la baba yake, tunachora nyumba za udongo wakati wenzetu wote wanachora za saruji. Wacheke tu. Mwaka ule wa themanini na mbili saruji ilikuwa haipatikani hata kwa dawa, na nyumba zao zilibaki kwenye karatasi. Zetu zilisimama.

Lakini wodi ya wazazi ya kijiji cha Segese nusura ituue. Segese ndiko nilikozaliwa, na mdogo wangu Limi aliolewa hapohapo na Maduhu, manju wa ngoma, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Mimba ya kwanza ya Limi, uchungu ulimshikia shambani, wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumkimbiza Kahama. Mtoto alizaliwa njiani, akafa njiani. Sasa Limi alikuwa mjamzito tena, na siku zake zilikuwa zinaangukia mwanzo wa mvua. Nikasema wodi ile itasimama kabla ya hapo, na mimi nikisema nimesema. Muulizeni Nazir.

Mchoro ulikuwa mzuri, sioni haya kujisifu. Kuta nene za udongo wa kichuguu uliochanganywa na changarawe. Unaumwaga ndani ya kasha la mbao, unaushindilia kwa michi mizito, ukitoa mbao umebaki na jiwe. Juu, dari ya matete na nafasi ya hewa chini ya bati, ili mzazi asichemke kama ugali mchana wa Oktoba. Mabati tuliyapata kwa mbinde. Kilichokosekana ni mikono ya kushindilia, maana mashine hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, dizeli ya kuiwasha tungeitoa wapi?

Nazir ndiye aliyesema, "Tuwaite watu wa ngoma. Wanalima kwa ngoma, watashindwaje kushindilia kwa ngoma?"

Wazo zuri. Nazir anaongea Kisukuma kama amekinyonya, lakini alikulia nyuma ya meza ya duka, na ngoma anaijua kwa kuisikia tu kwa mbali. Akaenda Segese, akakutana na mzee Mageni, manju wa Wagika, wakanywa chai, wakapeana mikono, akarudi mjini anapiga mluzi.

Sasa sikiliza. Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma, na wanashindana tangu enzi za mababu. Kila baada ya mavuno wanacheza siku moja, kila mmoja uwanja wake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ukimwalika mmoja ukamwacha mwenzake, umemtukana mwenzake pamoja na ukoo wake. Na shemeji yangu Maduhu ni manju wa Wagalu.

Nilipofika Segese niliwakuta Wagika ukuta umewafika kifuani, michi inapanda na kushuka kwa wimbo. Walikuwa wanaimba kwamba Wagalu wana mikono ya kushikia kijiko. Maduhu alikuwa ng'ambo ya barabara, amekunja mikono yake ya kijiko.

"Mwadila, shemeji," nikamsalimu.

"Mwadila. Naona nyumba yenu ya Wagika inaendelea vizuri."

"Ni wodi ya kijiji, Maduhu."

"Kijiji gani? Mimi sikuitwa. Nimeshaapa mbele ya watu, Mgalu hakanyagi humo, wala mke wa Mgalu."

Damu ilinipanda kichwani. Mke wa Mgalu alikuwa mdogo wangu, na tumbo lake lilikuwa limeshashuka.

Nusu ya Segese ni Wagalu. Mwenyekiti wa kijiji, ndugu Ignas, hakuzunguka. "Wodi ambayo nusu ya wanawake hawaiingii ya kazi gani? Mkishindwa kulimaliza hili, mabati nayapeleka kwenye ghala la pamba."

Nazir alitaka kwenda kuomba radhi na mbuzi. Maskini, aibu ilimshika hata chakula kikamshinda. Nikamwambia amwache mbuzi wa watu aishi. Manju hatulizwi kwa nyama, anatulizwa kwa uwanja na mpinzani. Nikaitandaza ramani juu ya boneti ya Land Rover, nikachukua mkasi, nikaikata katikati. Nazir alishika kichwa, kwa sababu alikuwa ameichora kwa wino. Wodi moja ndefu ikawa majengo mawili yanayotazamana chini ya paa moja, na kati yake ukumbi usio na kuta. Upande mmoja wa Wagika, ule waliokwisha kuuanza, upande mmoja wa Wagalu.

Nazir akautazama ule ukumbi. "Upepo wa mashariki utapita hapa," akasema polepole. "Utavuta joto la pande zote mbili."

Tukaangaliana. Miezi tulikuwa tunatafuta namna ya kuipooza wodi ile, kumbe dawa yake ni ugomvi wa ngoma. Tangu hapo hatujachora jengo bila ukumbi wa namna hiyo, na hao waliotucheka sasa wanatuiga.

Nikamfuata Maduhu. "Shemeji, nimekuja kukupa pole. Wagika wanasema ukuta wao hakuna wa kuufikia. Nimebakiwa na upande mmoja, lakini kwa habari hizi za vijiko, nadhani nitatafuta watu Kahama."

"Hilo kasha la mbao liko wapi?" akauliza.

Basi ikawa vita. Maduhu alifukia dawa zake za mvuto kwenye msingi. Nazir akaniuliza kama azichore kwenye ramani, nikamwambia achore. Wagika walipiga msumari kwenye ukuta wa Wagalu kuujaribu, msumari ukapinda. Walipoona hivyo wakabomoa sehemu ya juu ya ukuta wao wenyewe, wakaishindilia upya. Watu walitoka mpaka Kharumwa kuja kutazama ujenzi, wamebeba togwa kama wanakwenda sikukuu.

Mvua ya kwanza ilikuta bati la mwisho limeshapigiliwa. Waliosema ukuta utayeyuka walikuja na miavuli kuushuhudia ukiyeyuka. Wakasimama pale ukumbini mpaka wakachoka.

Na mvua hiyohiyo ndiyo iliyomleta Limi. Maduhu alimbeba mikononi, wamelowa wote wawili, akafika ukumbini akageukia upande wa Wagalu.

"Huko kuna magodoro tu," akasema Paskalina, mkunga. "Kitanda cha kuzalia kiko huku."

Huku ni kwa Wagika. Na Wagika wenyewe, mzee Mageni akiwa mbele, walikuwa wamejikinga mvua palepale, wanamtazama. Maduhu alisimama. Niliogopa, nasema kweli, sijawahi kuogopa vile.

"Maduhu," Limi akasema, "kiapo chako au mwanao? Chagua upesi, mimi siwezi kungoja."

Akaingia naye.

Maduhu alipotolewa nje aliketi chini, ameegemea ukuta wa Wagika. Mzee Mageni akaja akaketi karibu naye. Mimi nilibandika sikio mlangoni, sikusikia kitu. Kuta zangu nene nilizojisifia zilikuwa hazipitishi hata sauti, nikazilaani.

Kisha mlango ukafunguka. Paskalina alikuwa na mtoto wa kike, mzima, analia kuishinda mvua. Nilimkumbatia Nazir mbele za watu, tukalia kama watoto, wala sioni aibu.

Maduhu aliinuka. Akaweka kiganja chake ukutani, akasema kwa sauti ili kila mmoja asikie, "Mageni, mmejua kushindilia."

Mzee Mageni alivua kofia. Akamtazama mtoto, akatabasamu. "Amezaliwa kwetu huyu. Ni Mgika."

"Ni Mgalu," Maduhu akasema. "Lakini mwacheni alale hapo kwenu mpaka mama yake apate nguvu."